Solo ya Isaya

Jumatatu, 9 Juni

Jana baada ya misa, Hyasinta, mwenyekiti wa kamati ya jubilei, alisimama mbele ya waumini akatangaza kwamba tarehe 17 Agosti, siku ya jubilei ya parokia yetu, muziki utapigwa na Walimu Jazz. Watu wakapiga makofi. Kiongozi wa Walimu Jazz ni mimi, na sikuwa nimeulizwa.

Nilimfuata nje nikamweleza hali ilivyo. Bendi yetu haijapiga hadharani tangu tustaafu ualimu. Wilibrodi wa besi bado ana vidole vyake, Martini wa ngoma anasikia kwa sikio moja, na mimi gita langu halijapata vumbi. Lakini Isaya, mpiga saksafoni, alirudi kwao Digodigo zamani, na meno ya mbele hana tena. Wimbo wetu mkubwa, "Tuonane Oldeani", hauwezi kupigwa bila saksafoni. Watu wa rika letu hapa Karatu wanaijua solo ya Isaya kuliko wanavyoyajua maneno.

"Kwani Angela si anapiga?" alisema mke wangu, ambaye hakuna aliyemwomba maoni.

Hyasinta akaandika jina la Angela, binti yetu. Ndivyo mambo ya parokia yanavyoamuliwa.

Alhamisi, 12 Juni

Angela amekubali. Ni mtoto wetu wa mwisho. Saksafoni anayopiga ni ile ile ya Isaya, aliyemfundisha akiwa bado mwanafunzi na kumwachia alipohama. Baadaye Angela alikwenda Arusha akapiga kwenye mahoteli, na tangu mwaka jana amerudi nyumbani. Kila Ijumaa na Jumamosi huwapigia wageni kwenye loji moja karibu na lango la hifadhi. Siku nyingine hutusaidia shambani.

Nilimpa sharti moja tu: solo ya "Tuonane Oldeani" ipigwe kama tulivyoirekodi mwaka 1981, noti kwa noti. Watu watakuja kuisikia hiyo. Wataiimba kwa midomo yao kabla haijafika. Alisema amenisikia. Sasa ninapoandika naona kwamba kusikia si kukubali.

Jumamosi, 14 Juni

Ukungu mpaka saa tano. Maharage hayajakauka.

Jumatano, 18 Juni

Mazoezi ya kwanza, ghalani kwetu, katikati ya magunia matupu. Wilibrodi alileta besi kwenye mkokoteni, akisema hata maharusi wa siku hizi hawabebwi kwa heshima namna ile. Martini alifunga ngoma zake kwa kamba ya katani. Tulipoanza, nilishangaa jinsi mikono inavyokumbuka. Kwa kitambo kidogo nilikuwa na furaha.

Ikafika solo. Angela alianza vizuri, kama Isaya. Kisha akaacha njia. Nilidhani amekosea, nikamvumilia azunguke arudi. Hakurudi. Alipiga noti ambazo hazikuwa kwenye wimbo, akanyamaza mahali pa kupiga, akapiga mahali pa kunyamaza, na kuna sauti moja aliitoa iliyofanana na bawaba ya lango letu. Martini alinitazama kwa macho ya mtu anayeuliza kama nyumba inaungua.

Nilisimamisha muziki. Nilimweleza kwa utulivu kwamba solo ina mwanzo, ina katikati na ina mwisho, na kwamba msikilizaji ana haki ya kujua yuko wapi. Akasema, "Lakini Baba, mimi nilijua niko wapi." Nikamwambia kwamba mwanafunzi anayejua jibu peke yake bila kuliandika hapati alama.

Tulirudia, naye akafanya yale yale, ila safari hii kwa makosa mengine. Kama angalau angekosea namna moja, ningeweza kumsahihisha.

Jumamosi, 21 Juni

Mke wangu alisema siwezi kuhukumu kitu ambacho sijakisikiliza mahali pake. Basi jana jioni tulikwenda kwenye ile loji, nimevaa koti. Tulikaribishwa chai.

Angela alikuwa na kijana wa Arusha anayeitwa Julius, mpiga kinanda. Wakapiga kile ambacho wao pia wanakiita jazz. Zamani kila bendi ya dansi hapa nchini ilijiita Jazz, na hakuna aliyetuuliza kwa nini. Watu walikuja, wakacheza, wakarudi nyumbani wamechoka vizuri. Huku hakuna aliyecheza. Wageni walikuwa wanakula mchicha. Mmoja alifumba macho, na sikuweza kujua kama ni kwa raha au kwa safari ya mchana.

Nilijitahidi. Nilihesabu mapigo kwa kidole chini ya meza, nikapotea, nikaanza upya, nikapotea tena. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Najua sentensi inapoanza na inapoishia. Binti yangu alianza sentensi nyingi na hakumaliza hata moja, na kila alipoiacha Julius alitikisa kichwa kwa furaha kana kwamba ameambiwa siri. Nilitoka na kichwa kinaniuma, na hasira ya mtu aliyekaa kwenye mazungumzo ya lugha asiyoijua huku akijua kwamba hasemwi yeye.

Nilimwuliza mke wangu ameonaje. Alisema, "Sikuelewa, lakini sikuchoka."

Jibu hilo halina maana, na limenisumbua siku nzima.

Jumanne, 24 Juni

Tumeng'oa maharage ya shamba la juu. Upepo.

Ijumaa, 27 Juni

Tumepura. Vumbi limeniingia kifuani. Angela anapura kwa nguvu kuliko kaka zake walivyokuwa, na anapopura fimbo yake haikosi pigo hata moja. Kwa hiyo uwezo wa kufuata mapigo anao. Hili linanikasirisha zaidi.

Jumatatu, 30 Juni

Mazoezi. Sitaki kuyaandika.

Jumamosi, 5 Julai

Leo yameharibika kabisa, na lazima niandike jinsi ilivyokuwa.

Katika muziki wetu, kiongozi wa bendi ndiye anayeamua solo iishe lini. Ninapiga mwito mfupi kwa gita, ngoma zinaitika, na bendi nzima inaingia kwenye chemko, ile sehemu ya haraka ambayo watu huinuka kucheza. Mwito huo ukipigwa, anayepiga solo ananyamaza. Haulizi. Hivyo ndivyo bendi isivyogeuka kuwa soko.

Angela alianza solo, akaacha njia kama kawaida yake, nami sikumsimamisha. Nilipiga mwito. Martini akaitika, tukaingia kwenye chemko, naye akabaki na saksafoni mdomoni, noti imekatika katikati. Tulirudia wimbo, nikafanya hivyo hivyo. Wilibrodi, anayependa mzaha, akasema, "Mwalimu leo ni polisi wa usalama barabarani." Hakuna aliyecheka. Mara iliyofuata nilimkata mapema zaidi, kwa sababu nilishajua anakoelekea, au nilidhani najua.

Angela alifungua mkanda wa shingoni, akaiweka saksafoni juu ya gunia la maharage. Hakupaza sauti. Laiti angepaza sauti, ningejua la kumjibu.

"Baba, ukinikata tena namna hiyo mbele ya watu, sitaipiga saksafoni hii ukiwapo. Si kwenye jubilei, si hapa nyumbani."

Nilimwambia kwamba ninamkata kwa sababu anakosea.

"Unanikata kabla hujajua kama nimekosea."

Akatoka. Baadaye niliambiwa na mama yake kwamba Julius amempatia nafasi katika kundi lake Arusha, aanze Septemba, na mpaka juzi alikuwa hajaamua. Mama yake aliniambia hayo akiwa anachambua mchele, bila kuinua macho. Nikamwuliza kama ananilaumu mimi. Akasema anachambua mchele.

Jumanne, 8 Julai

Nimeamua kumfuata Isaya huko Digodigo. Yeye ndiye aliyeipiga solo, yeye ndiye aliyemfundisha Angela, na neno lake Angela atalishika. Nimemrekodi Angela kwenye simu akifanya mazoezi peke yake ghalani, wimbo ule ule, makosa yote yamo. Isaya atayasikia mwenyewe.

Ijumaa, 11 Julai

Naandika nikiwa kwa Isaya. Jana nilishuka Mto wa Mbu nikapata basi la Loliondo. Tulipata pancha baada ya Engaruka, na vumbi la huko haliachi mtu na rangi yake. Nilifika nimekuwa kama mfuko wa saruji.

Isaya amezeeka, lakini anacheka kama zamani, mdomo wote ukiwa wazi. Asubuhi nilitaka tukae chini tuongee kama watu wazima, akaniambia nimfuate shambani. Ilikuwa zamu yake ya maji. Digodigo maji ya mfereji hugawanywa na wazee, kila shamba na wakati wake, na zamu ikikupita umeikosa mpaka izunguke tena. Kwa hiyo nilisimama kwenye matope na viatu vya kanisani, huku yeye akifungua matuta ya viazi vitamu kwa jembe. Mikono yake ilikuwa na tope, ikabidi nimshikie simu sikioni.

Nilimweleza kwanza: asikilize jinsi kazi yake inavyoharibiwa.

Akasikiliza akiwa ameinama, jembe mkononi. Mara akacheka. Nikadhani anacheka kosa, nikafurahi. Akacheka tena mahali pengine, kisha akaniashiria nirudishe nyuma.

"Unacheka nini, Isaya?"

"Hapa amejificha. Umesikia? Wewe unamngojea atokee pale ambapo Martini angepiga, yeye katokea huku."

"Mimi sijasikia mtu kutokea mahali popote."

"Kwa sababu unasikiliza nilichopiga mimi. Msikilize yeye."

Nilimwambia sikusafiri siku nzima kuja kufundishwa kusikiliza. Nilimwomba aje Karatu, au angalau azungumze na Angela kwa simu, amwamuru apige solo kama ilivyo. Akauliza solo ipi. Nikamwambia: yako, ya 1981. Akakung'uta tope kwenye jembe.

"Leonce bwana, ile niliipiga siku ile. Hata njiani kurudi nilikuwa nimeisahau. Nyinyi ndio mliikumbuka."

Nilibishana naye. Nilimkumbusha kwamba tulipiga wimbo huo miaka mingi, kwenye harusi na sikukuu, na kila mara aliipiga vile vile. Akasema ni kweli, watu waliitaka vile vile, naye alikuwa na watoto wa kusomesha, akawapa. Alisema bila uchungu wowote. Kisha maji yakafika mwisho wa tuta, akaniacha nimeshika simu, akakimbia kuziba.

Nimesafiri bure. Kesho narudi.

Jumatano, 16 Julai

Tumekata mahindi. Mgongo.

Jumapili, 20 Julai

Bendi tumefanya mazoezi watatu, bila Angela. Besi, ngoma na gita, na mahali pa solo tunazunguka tu mzunguko mtupu, kama watu wanaosubiri mgeni. Wilibrodi alisema tumtangaze redioni kwamba amepotea. Hyasinta alipita akauliza saksafoni iko wapi. Nilimwambia inafanya mazoezi yake.

Ijumaa, 25 Julai

Nimeisikiliza rekodi ya Angela nikiwa shambani, nikikusanya mabua. Hapakuwa na mtu. Nilitaka kujua Isaya alicheka wapi.

Mara ya kwanza ilikuwa kelele ile ile. Nikairudia. Nikaamua nisihesabu kwa kidole, ila nimfuate yeye peke yake kama mtu anavyomfuata mbuzi wake sokoni. Nilimpoteza. Lakini kuna mahali, baada ya ile sauti ya bawaba, ananyamaza, na unyamavu ule ni mrefu kupita adabu. Anapoingia tena anaingia na maneno ya Isaya, noti tatu za mwanzo za solo, zikiwa zimegeuzwa nyuma mbele. Nina hakika. Nilipiga kwenye gita baadaye, na ndivyo zilivyo.

Sikucheka. Nilikasirika, kwa sababu muda wote huo nilikuwa namwambia kwamba haijui solo, kumbe anaijua kutoka pande zote mbili.

Sehemu iliyobaki bado siipendi. Inaniumiza masikio.

Jumanne, 29 Julai

Baridi. Nimesikiliza tena. Nimepata mahali pengine, au nadhani nimepata. Leo sina hakika hata na pale pa kwanza.

Jumamosi, 9 Agosti

Angela alikuja mazoezini bila kuitwa. Mama yake alikuwa amezungumza naye, sikuuliza nini. Alivaa mkanda, akaniambia, "Tuanze, Baba," na tukaanza.

Alipiga solo ya Isaya ya mwaka 1981. Aliipiga kamili: kila noti, kila pumzi, hata ile noti moja ambayo Isaya aliiparuza kidogo studioni kwa sababu ya mafua. Aliimaliza mahali panapotakiwa. Nikapiga mwito, tukaingia kwenye chemko bila kasoro.

Martini alifurahi sana. Akasema sasa hii ndiyo Tuonane Oldeani. Mimi nilisimama na gita langu, na nilijihisi kama ninasahihisha insha ya mwanafunzi aliyenakili kitabu cha mwalimu: hakuna pa kuweka kalamu nyekundu, na hakuna mtoto ndani yake.

Nilimfuata nje. Nilimwambia amepiga sawasawa.

"Nimepiga ulivyotaka," alisema. "Sasa huna pa kunikata. Baada ya jubilei nitakwenda Arusha. Kule nikikosea, wananiacha nifike mwisho."

Nilitaka kumwambia kuhusu zile noti tatu. Nilitafuta maneno, mimi niliyekula mshahara wa maneno, nikabaki kumwambia afunike saksafoni, kuna vumbi.

Jumatano, 13 Agosti

Mahindi yote yameingia ghalani. Hakuna nafasi ya mazoezi tena.

Jumapili, 17 Agosti

Misa ilikuwa ndefu. Baba Askofu alikuja. Baada ya chakula tulipanda jukwaani mbele ya parokia, chini ya turubai, na uwanja ulikuwa umejaa: wazee wa rika letu mbele kwenye viti, vijana nyuma na simu zao.

Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri. Watu walicheza. Hyasinta alicheza, jambo ambalo sikulitarajia katika maisha yangu. Ikaja "Tuonane Oldeani", na pale mbele wazee wakainuka kabla hatujaimba neno.

Angela akaanza solo. Wakaiimba pamoja naye, kama nilivyosema tangu mwanzo wangeiimba, kila noti, akina mama wakipunga leso. Nilikuwa nimesema kweli. Hili ndilo nililolitaka tangu Juni, na lilikuwa mbele yangu, na nilimtazama binti yangu nikaona kwamba anasubiri tu kumaliza. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu, akingojea mwito.

Solo ikaisha. Mkono wangu ulikuwa kwenye nyuzi. Sikupiga mwito.

Nikarudia mzunguko, kama tulivyokuwa tukizunguka wenyewe alipokuwa hayupo. Wilibrodi akanitazama, akanifuata. Martini akaingia kwenye chemko peke yake, ikabidi Wilibrodi ampigie kelele arudi, na alirudi vibaya. Angela akashusha saksafoni. Alidhani nimesahau.

"Mwito, Baba," alisema.

"Endelea," nikamwambia.

Mzunguko ukapita mtupu, na mwingine. Hadhira yote ilikuwa imeshainua miguu kwa ajili ya chemko, na chemko haiji. Mzee mmoja wa mbele aliuliza kwa sauti kama mashine imeharibika. Nilijua kwamba naharibu jubilei ya parokia mbele ya Askofu, na kwamba akikataa sitakuwa na la kufanya isipokuwa kuzunguka kama punda wa mashine ya kusaga. Angela alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akipima kama nitamkata.

Kisha akapiga.

Sitaweza kuandika alichopiga. Mwanzo ulikuwa mbaya. Alikuwa na woga, na nilisikia. Baadaye aliacha woga. Wazee waliketi mmoja mmoja. Vijana wa nyuma walisogea mbele. Mara mbili mkono wangu ulijikunja wenyewe kupiga mwito, kwa mazoea, nikauzuia. Palikuwa na sehemu ndefu ambayo sikuipenda na wala siipendi sasa. Lakini mahali fulani, kuelekea mwisho, alishuka mpaka chini kabisa, akakaa juu ya noti moja isiyo ya wimbo, akaing'ang'ania huku gita langu likisema kingine chini yake. Na badala ya noti yake kusikika kosa, gita langu ndilo likaanza kusikika geni, gita nililolipiga tangu ujana. Halafu aliiachia, na kila kitu kikarudi mahali pake.

Aliponitazama na kuniashiria kwa kichwa kwamba amemaliza, ndipo nilipopiga mwito.

Hyasinta amekasirika. Amesema watu walikuja kucheza, si kusimama kama mahindi. Martini hasemi nami. Wana haki.

Jumatatu, 18 Agosti

Asubuhi nilichukua gita nikatafuta ile noti. Nilitafuta mpaka chai ikapoa. Nilizijaribu zote, na kila moja ilikuwa ama kosa la kawaida au noti ya kawaida.

Angela alikuwa uani akianika mahindi. Nilimwomba alete saksafoni anipigie tena pale pa jana, pale chini, nipate kujifunza. Aliniuliza pale wapi. Nilimwimbia. Nilimwimbia vibaya, akatabasamu, akafuta mikono.

Alijaribu. Hakupapata. Alijaribu tena, akashusha saksafoni.

"Siwezi, Baba. Haipo tena."

"Jana tu umeipiga. Watu mia kadhaa wamesikia."

"Nimeipiga jana."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba kitu kizuri kinapaswa kushikwa, kwamba angalau angejirekodi, kwamba mtu hawezi kupoteza kitu kama kile na kuendelea kuanika mahindi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Septemba bado haijafika, na akaniomba nipige mzunguko.

Nilipiga mzunguko, naye akatafuta kingine. Hakikuwa kizuri kama kile cha jana. Nilimwambia hivyo, akakubali, na tukaendelea.